ZAMBIA: BARABARA KUU YA KASKAZINI NI YA NANI?

Dereva wa lori akitoka Dar es Salaam na kuvuka mpaka Tunduma, huingia Nakonde. Hapo huanza Barabara Kuu ya Kaskazini ya jirani zetu wa Zambia. Hupita karibu na Isoka na Chinsali, ikafika Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi, kisha Kabwe, Lusaka na Kafue, hadi Chirundu kwenye mto Zambezi. Ni zaidi ya kilometa 1,100. Tungependa kueleza jinsi barabara hii ilivyopatikana, maana historia yake ni historia ya jasho la wafanyakazi.

Mizigo vichwani

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walihitaji chakula na risasi kwa askari wao waliopigana na Wajerumani mpakani. Magari yalikuwa machache na njia mbovu. Mizigo ilibebwa na wapagazi walioitwa tengatenga, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi. Baada ya vita, sehemu kubwa ya njia hiyo ilibaki udongo mtupu kwa miaka mingi. Wakoloni walielekeza shaba na reli kusini.

Mlango wa kusini wafungwa

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba, 1964. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Novemba, 1965, walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia utawala wao. Mafuta ya Zambia yalikuwa yakipitia huko, nayo yakakatwa. Ndipo malori yakageukia Dar es Salaam: yalikwenda na shaba, yakarudi na mapipa ya mafuta. Wakati wa masika magari yalizama matopeni na mengine yakapinduka milimani. Madereva na utingo waliiita Njia ya Jehanamu.

Mwaka 1968 bomba la mafuta lilimalizika, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikaunganisha nchi hizi mbili. Reli ya TAZARA ikafuata, ikakabidhiwa mwaka 1976. Adui alitambua thamani ya njia hizi. Mwezi Oktoba, 1979, majeshi ya Rhodesia yalilipua madaraja ya mto Chambeshi, la reli na la barabara.

Njia mbili, na ushuru

Leo malori ni mengi kuliko barabara ilivyokusudiwa kubeba. Mwezi Februari, 2013, watu zaidi ya 40 walikufa huko Chibombo basi lilipogongana na lori. Kwa hiyo hatuwezi kupinga upanuzi. Mwaka 2023 serikali ya Zambia ilitia sahihi mkataba na kundi la makampuni ya Kichina wa kujenga njia mbili kila upande kutoka Lusaka, kupitia Kabwe na Kapiri Mposhi, hadi Ndola, kilometa 327. Mkataba ni wa miaka 25. Makampuni yatajenga, kisha yatarudisha fedha zao kwa kutoza ushuru magari yanayopita.

Jambo la kuangaliwa ni hili. Sehemu ya mtaji ni mkopo uliotoka katika mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Zambia na mfuko wao wa fidia ya ajali kazini. Mfanyakazi basi yumo mara mbili. Akiba yake imejenga barabara, na ushuru atalipa yeye, hata kama hana gari, maana msafirishaji ataongeza gharama hiyo katika nauli na katika bei ya unga na mbolea.

Mkopo ukilipwa vizuri, wazee watapata pensheni yao. Ukikwama, hasara itakuwa ya wachangiaji. Kwa hiyo wafanyakazi wana haki ya kuonyeshwa mkataba, viwango vya ushuru na hesabu za kila mwaka.

Na sisi huku tujiulize: akiba zetu za uzeeni zimewekwa wapi, na nani alituuliza? Jambo hili tulipeleke katika mikutano ya matawi.