Mhifadhi Hufundwa Nje ya Mpaka

Kijana akiniambia anataka kusomea wanyamapori, humuuliza swali moja: Hifadhi ya Tarangire ina nyumbu wangapi? Wengi hutafuta tarakimu. Aliyefunzwa vizuri huuliza kwanza: mwezi gani?

Kiangazi, Mto Tarangire ndiyo maji ya uhakika, na wanyama hujazana kandokando yake. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia huondoka kwenda nyanda za Simanjiro, kwenye nyasi fupi zenye madini, hasa fosforasi, anayoihitaji mnyama anayenyonyesha. Simanjiro si hifadhi. Ni ardhi ya vijiji, yenye ng'ombe, mashamba na maboma ya watu. Atakayehesabu mwezi Machi bila kuvuka mpaka ataandika kwamba nyumbu wamekwisha, na taarifa hiyo potofu itapanda hadi wizarani.

Hitaji la watu waliofunzwa si geni. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko la uhifadhi mjini Arusha, na ndani yake alikiri kwamba kazi hii inadai ujuzi maalumu, watu waliofunzwa na fedha. Mwaka 1963 Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kikaanzishwa Mweka, kwenye mitelemko ya Kilimanjaro juu ya Moshi. Mkuu wake wa kwanza, Hugh Lamprey, alikuwa mwanabiolojia na rubani aliyewachunguza wanyama wa Tarangire hiyohiyo. Tangu hapo Mweka imefunza mameneja wa hifadhi kutoka nchi nyingi za Afrika. Askari wa doria hufunzwa Pasiansi, Mwanza. Askari wa wanyamapori wa vijiji huenda Likuyu Sekamaganga, Namtumbo.

Somo la kuhesabu lastahili kuelezwa, maana watu hudhani ni kuangalia tu. Ndege ndogo huruka kiasi cha mita 100 juu ya ardhi, kwa mistari iliyonyooka na kuachana kwa umbali uleule. Chini ya bawa hufungwa fito mbili, na mtazamaji huhesabu wanyama waonekanao kati ya fito hizo tu. Kundi kubwa hupigwa picha, likahesabiwa baadaye kwa utulivu. Kwa kuwa upana wa ukanda ule unajulikana, eneo lililotazamwa nalo hujulikana, na kwa uwiano hukadiriwa eneo zima. Kinachopatikana, basi, ni makadirio, na kila kadirio lina kiwango chake cha makosa. Meneja asiyekiuliza kiwango hicho ataweza kushangilia ongezeko ambalo halipo. Sensa za namna hii ndizo zilizoonyesha kwamba tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014. Bila tarakimu hizo tungekuwa bado tunabishana kama ujangili ulikuwa mkubwa au mdogo.

Miaka ya karibuni taasisi zetu za uhifadhi zimeingia mfumo wa jeshi usu, wenye vyeo na gwaride. Siupingi, kwani jangili huja na silaha. Lakini twende Kwakuchinja, kwenye ushoroba unaounganisha Tarangire na Manyara. Tembo wamepita usiku, na alfajiri mama mjane amesimama katikati ya mahindi yaliyolala. Hapo bunduki haina la kusema. Anayehitajika ni mtu wa kupima shamba kwa haki, kujaza fomu za kifuta jasho siku hiyohiyo, kuwaonyesha wanakijiji namna ya kuzungushia shamba kamba zenye vitambaa vilivyolowekwa pilipili na oili chafu, kisha kuketi na wazee bila kutazama saa. Mambo haya hufundishwa, ila kwa maoni yangu hupewa saa chache mno, nayo ndiyo yanayoamua kama ushoroba utabaki wazi au utalimwa.

Kwa hiyo naomba wanaopanga mitaala na ajira: kabla kijana hajavishwa cheo, akaishi kijijini kando ya hifadhi msimu mmoja mzima, tangu kupanda hadi kuvuna, alale kwenye dungu na wakulima wanaolinda mashamba usiku. Na ripoti yake isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, kabla haijapelekwa chuoni.