Nani Apimaye Kimo cha Lori?

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatuendeshi malori. Tuko viwandani na mashambani. Tunakata miwa, tunafunga marobota ya pamba, tunashona magunia ya kahawa, tunapanga mifuko ya saruji pale Tororo. Lakini mali yote tunayoitoa kwa jasho letu huondoka juu ya lori, na anayeipandisha juu ya lori ni mmoja wetu. Kwa hiyo tukisikia kwamba dereva fulani amegonga daraja, au amekata waya za stima, tusidhani hizo ni habari za watu wengine.

Mpaka wetu una milango mikubwa miwili, Malaba na Busia. Mizigo ya bandari ya Mombasa iendayo Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo hupitia hapa mchana na usiku. Tarehe 24 Februari 2018 Marais wa Kenya na Uganda walifungua kituo cha pamoja cha Busia, ambapo gari husimama mara moja tu, katika nchi linakoingia. Siku hizi dereva akilala njiani mara nyingi sababu ni foleni au uzito.

Uzito una wenyewe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori kubwa kabisa pamoja na mzigo wake, na kila ekseli ina kipimo chake. Mizani iko Mariakani, iko Mlolongo, iko Gilgil, iko Webuye, na ukishaingia Uganda utaikuta Busitema. Dereva hupewa karatasi, na kampuni huogopa faini. Lakini kimo, yaani urefu wa gari kutoka ardhini hadi juu ya mzigo, nani anakipima kabla lori halijatoka langoni? Tumewauliza madereva wengi swali hili katika viwanja vya malori pande zote mbili. Jibu lao karibu ni moja: hukadiriwa kwa macho.

Tuanze na kontena. Kontena la kawaida lina kimo cha futi 8 na nusu, yaani karibu mita 2.6. Liko pia kontena refu, la futi 9 na nusu, karibu mita 2.9. Ukisimama mbali huwezi kuyatofautisha upesi, na hasa usiku. Trela ambalo kitanda chake kiko mita 1.5 kutoka ardhini litafika mita 4.1 likibeba kontena la kawaida, na mita 4.4 likibeba refu. Dereva ni yule yule, lori ni lile lile, njia ni ile ile. Jumatatu anapita salama, Alhamisi anang'oa paa la kituo cha mafuta.

Njia ya kulitambua ipo, na haihitaji shule kubwa. Mlangoni mwa kontena, chini ya namba yake, kuna alama fupi ya tarakimu na herufi. Ukiona 42G1, hilo ni la futi 40 lenye kimo cha kawaida. Ukiona 45G1, hilo ni la futi 40 lakini refu. Tazama tarakimu ya pili: 2 ni kawaida, 5 ni refu. Makontena marefu pia huwekwa mistari ya njano na nyeusi kwenye pembe za juu, ingawa mengi yamechakaa na rangi imebanduka. Tunamwomba kila karani wa lango na kila taniboi aishike alama hii kichwani.

Hata aliyepima anaweza kukosea ikiwa hajui kwamba kimo hubadilika. Lori lililopakiwa hukaa chini kwa sababu springi na tairi zimebanwa na uzito. Likishushwa mzigo hupanda tena, sentimita kadhaa. Ndiyo maana yuko dereva aliyepita chini ya kizuizi fulani akiwa na mzigo, akarudi na kontena tupu, akakigonga. Akaambiwa mlevi! Barabara nayo hupanda. Wakandarasi wakiongeza lami juu ya lami, nafasi chini ya daraja hupungua, na kibao kikiachwa bila kubadilishwa kinasema uongo. Na daraja likiwa mahali palipobonyea, trela refu hukanyaga huku na huku kama mtu avukaye mtaro kwa hatua moja, na katikati yake inakuwa juu zaidi kuliko ilivyokuwa mahali pa tambarare.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, Marekani, kulikuwa na daraja la reli lenye kimo cha futi 11 na inchi 8. Vibao viliwekwa, taa za kuonya ziliwekwa, na bado malori yaliligonga. Mtu mmoja aliyefanya kazi jirani alifunga kamera mwaka 2008, na dunia nzima ikaona mapaa ya malori yakichanwa kama kopo la samaki. Mwezi wa Oktoba 2019 wenye reli waliliinua inchi 8. Malori bado yanaligonga. Wengi waliogonga walikuwa wamekodi gari wasilolizoea, hawakujua kimo chake. Kibao cha daraja kinakuambia habari za daraja tu. Habari za gari lako ni lazima uzijue wewe, na ni lazima aliyekupa gari akuambie. Uingereza wamelitia jambo hilo katika sheria: gari la mizigo lenye kimo cha zaidi ya mita 3 liwe na kibao mbele ya dereva kinachomwonyesha kimo chake.

Sasa tuje nyumbani. Katika miji yetu ya mpakani na katika njia za mashamba ya miwa, adui mkubwa si daraja. Ni waya. Zile nguzo kubwa zinazopitisha umeme wa Owen Falls kupitia Tororo kwenda Kenya tangu miaka ya 1950 ziko juu sana na hazimsumbui mtu. Zinazoua ni waya ndogo za mtaani na za vijijini, nguzo imeinama, waya imelegea katikati. Lori la marobota au la magodoro linakuja, na juu ya mzigo amekaa taniboi. Mara nyingine amepewa fimbo ya kuinulia waya ili gari lipite.

Ndugu, kazi hiyo hapana. Fimbo ya mti mbichi au iliyolowa mvua inapitisha umeme, na umeme wenye nguvu huruka hata kabla hujaugusa. Hakuna mzigo wa kahawa wala wa pamba unaostahili mtu kukaa juu yake chini ya nyaya. Lori likishagusa waya, dereva abaki ndani na awapigie kelele watu wakae mbali. Wasiguse mlango, wasikanyage karibu. Asubiri watu wa kampuni ya umeme waje kuukata. Ikiwa moto umewaka na hana budi kutoka, aruke miguu yote miwili ikiwa pamoja, asiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aende kwa kurukaruka miguu ikiwa pamoja hadi awe mbali. Akipiga hatua kama mtu atembeaye, umeme ulio ardhini unaweza kuingia mguu mmoja na kutokea mwingine.

Kwa nini mzigo hupandishwa juu namna hii? Wenzetu wapakiaji hulipwa kwa tripu au kwa gunia, si kwa saa. Msimamizi anataka safari moja ifanye kazi ya mbili. Katika hali hiyo mtu atapakia mpaka mawinguni, na turubai litafungwa usiku. Asubuhi dereva anakabidhiwa ufunguo na hati, anaambiwa wakati umekwenda. Hati ina uzito, ina idadi ya magunia, ina jina la mwenye mali. Kimo hakimo.

Likitokea la kutokea, lawama zote ni zake. Mwanachama mmoja wa upande wa Kenya alibadilishiwa kontena dakika ya mwisho, akapewa refu bila kuambiwa, akagonga paa la ghala alikokuwa akipeleka mzigo. Kampuni, ambayo hatutaitaja, ilianza kumkata mshahara kila mwezi bila kumsikiliza. Tulikwenda na viongozi wa tawi tukaomba kitu kimoja: tuonyeshwe karatasi ambayo mfanyakazi huyu aliandikiwa kimo cha mzigo wake. Haikuwapo. Tukawafungulia Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, ambacho kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ambayo mfanyakazi ameileta kwa makusudi yake. Ajali ya mtu aliyefichwa kipimo si makusudi. Mazungumzo yalikuwa marefu na maneno hayakuwa matamu, lakini fedha zilirudishwa.

Aliyeumia naye ana haki yake. Kenya iko sheria ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007, Uganda iko sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2000. Taniboi ni mfanyakazi hata kama aliokotwa stendi asubuhi ile, na hapa ndipo makampuni hupenda kubishana. Kwa hiyo ajali iripotiwe mara moja, majina ya walioona yaandikwe, na nakala iletwe tawini.

Katika mapatano yajayo tutadai mstari mmoja uongezwe katika hati ya safari: kimo cha gari likiwa na mzigo, na saini ya aliyepima. Tutadai kila lango la kiwanda na la shamba liwe na mti wa kupimia uliochorwa mita, na kimo cha gari kiandikwe mbele ya dereva kwa herufi kubwa. Tutadai pia wapakiaji wasikatwe pesa wakikataa kupandisha mzigo kupita alama. Mti wa kupimia ni bei ya tairi moja kuukuu, hatutegemei kusikia kwamba fedha hazipo.

Wakati tunangoja, wanachama wanaojua waya zilizolegea kati ya Malaba, Tororo na Busia, au vibao vya kimo vilivyoanguka, wataje mahali na nguzo iliyo karibu kwa mwakilishi wao wa tawi. Orodha tunaiandika sasa, na tutaipeleka kwa makampuni ya umeme na wakuu wa barabara wa nchi zote mbili.