Kisiwa cha Aldabra na Kobe Wake

Mtu akisimama Newala, penye ukingo wa uwanda wa juu, mahali paitwapo Shimo la Mungu, huona mbali chini yake bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto nchi ya Msumbiji. Mto huo washuka mashariki hata kuingia katika Bahari ya Hindi. Kama mtu angepanda chombo mlangoni mwa mto, akaelekea mashariki na kaskazini kidogo, na kuviacha visiwa vya Ngazija upande wa kusini, angesafiri zaidi ya kilomita 600 katika maji matupu. Kisha angeona ukanda mwembamba wa nchi, usio na mlima wala kilima. Hicho ndicho kisiwa cha Aldabra, kilicho sehemu ya nchi ya Shelisheli.

Aldabra si kisiwa kimoja, bali ni visiwa vinne vikubwa na vingine vidogo, vilivyojipanga mfano wa pete. Urefu wa pete hiyo ni yapata kilomita 34. Katikati yake mna ziwa la maji ya chumvi, lenye mikoko kandokando. Maji kujaa, bahari huingia kwa nguvu katika milango iliyo kati ya visiwa. Maji kupwa, hutoka tena kwa kasi kama mto wa masika, na sehemu kubwa ya ziwa hubaki makavu.

Pete hiyo ilifanyikaje? Zamani sana palikuwa na mlima wa moto uliotoka chini ya bahari. Kando ya mlima huo wakakaa viumbe wadogo mno wa matumbawe, ambao hujijengea nyumba ngumu kama chokaa. Mlima ulipodidimia polepole, matumbawe yaliendelea kujengwa juu ya yale ya kwanza, hata mlima ukatoweka na pete ikabaki. Baadaye maji ya bahari yalishuka, na matumbawe yaliyokuwa chini yakawa nchi kavu. Hata leo mahali pengi juu ya kisiwa si zaidi ya mita 8 kutoka usawa wa bahari. Mwamba wake umeliwa na mvua na mawimbi, ukawa na ncha kali kama visu. Viatu vya msafiri huchakaa upesi sana.

Tena hakuna mto wala chemchemi inayofaa. Watu wa Newala waweza kuelewa jambo hili vizuri, kwa kuwa kabla ya mabomba kuwekwa katika miaka ya 1950, wazee wao walishuka mabondeni kwenda kuteka maji, wakapanda tena na mitungi vichwani. Lakini Aldabra hakuna bonde la kushukia. Maji matamu ni yale ya mvua tu, yanayotuama katika mashimo ya mwamba. Kwa sababu hiyo watu hawakuweza kujenga miji huko. Na kwa sababu hiyo hiyo wanyama wake walisalimika.

Mkuu wa wanyama hao ni kobe. Kobe wa bara aweza kuchukuliwa kwa mkono mmoja. Bali kobe dume wa Aldabra aweza kufika kilo 250, kupita magunia mawili ya mahindi, naye aweza kuishi zaidi ya miaka 100. Hula majani na nyasi, na kunako jua kali hujificha kivulini, maana asipopata kivuli hufa kwa joto. Akikuta maji machache katika ufa wa mwamba, huingiza pua yake na kuyanywa kwa pua. Kobe hao wako yapata 100,000.

Yuko pia ndege mmoja mwenye koo jeupe, mdogo kuliko kuku, asiyeweza kuruka. Mababu zake walikuja kutoka Bukini wakiruka vizuri. Kisiwani hawakukuta mnyama wa kuwawinda, basi kuruka hakukuwa na faida kwao, na baada ya vizazi vingi mabawa yao yakadhoofika. Mwaka 2019 wataalamu waliochunguza mifupa ya kale walieleza jambo la ajabu. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilipanda ikafunika Aldabra yote, na ndege wasioruka wakafa wote. Maji yaliposhuka, ndege wengine wa jamii ile ile walikuja tena kutoka Bukini, nao pia wakapoteza uwezo wa kuruka.

Lakini kobe, asiye na mabawa wala mapezi, alifikaje kisiwani? Wataalamu walidhani kwamba alielea baharini, ila hapakuwa na aliyeshuhudia. Ndipo mwezi wa Desemba 2004, watu wa Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, walipoona kobe mkubwa akitoka baharini akitembea. Alikuwa amekonda sana, na miguu yake ilikuwa imeganda viumbe vidogo vyenye makombe, kama vile vinavyoganda chini ya vyombo. Viumbe hivyo vilikuwa vimekua. Hivyo ikajulikana kwamba kobe amekaa baharini wiki nyingi. Yaelekea alitoka Aldabra, umbali wa kilomita 740. Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi huenda magharibi hata kupiga pwani ya Afrika karibu na Rasi ya Delgado, kusini ya mlango wa Ruvuma, kisha hugawanyika: mmoja huenda kusini, na mwingine kaskazini kupita Mtwara na Kilwa. Mkondo huo ndio uliomchukua.

Nguvu hiyo ya kobe ya kukaa siku nyingi bila chakula wala maji ndiyo iliyowaangamiza ndugu zake. Mabaharia wa zamani waliwapakia kobe merikebuni wakiwa hai, wawe nyama ya safari. Hivyo kobe wakubwa wa Morisi, Reunion na Rodrigues walikwisha wote. Aldabra nako walipungua sana. Mwaka 1874 wataalamu wa Uingereza, na Charles Darwin miongoni mwao, walimwandikia gavana wa Morisi wakimsihi awahifadhi waliobaki. Katika miaka ya 1960 ikaja hatari nyingine: serikali ya Uingereza ilitaka kujenga kiwanja cha ndege za vita kisiwani. Wataalamu wa nchi mbalimbali walipinga, na mwaka 1967 shauri hilo liliachwa. Mwaka 1982 Aldabra iliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia yote. Siku hizi huko hukaa watu wachache tu, walinzi na watafiti.

Hata hivyo kisiwa hakijaokoka kabisa. Mwaka 2019 watu wachache wa kujitolea walifanya kazi ya wiki tano kuokota takataka pwani, wakaondoa tani 25. Wataalamu walikadiria kwamba zilibaki tani 500 hivi. Sehemu kubwa ni nyavu na kamba za wavuvi. Na kandambili peke yake zilikadiriwa kuwa 360,000. Hakuna mtu wa Aldabra aliyezivaa. Zilitupwa katika nchi nyingine, na bahari ikazileta.

Basi mkondo hauchagui mzigo. Zamani ulichukua kobe, ukawapa wanyama makao mapya. Leo wachukua pia kandambili kuukuu. Bali kobe wa Aldabra hawezi kuzirudisha zilikotoka. Mwenye kuweza ni yule aliyezivaa, asizitupe mtoni wala baharini.

MASWALI

1. Eleza jinsi pete ya Aldabra ilivyofanyika.
2. Kwa nini ndege wa Aldabra alipoteza uwezo wa kuruka?
3. Watu walijuaje kwamba kobe wa Kimbiji amekaa baharini siku nyingi?
4. Ukosefu wa maji matamu uliwasaidiaje wanyama wa Aldabra?
5. Chora ramani ya pwani kutoka Ruvuma hata Dar es Salaam, uonyeshe njia ya mkondo.