Kompyuta inaganda? Usikimbilie kupiga Windows

Kishale hakisogei. Saa kwenye kona ya skrini imesimama. Ctrl, Alt na Delete haziitiki, na kilichobaki ni kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime.

Ukiuliza mtaani Unguja, jibu la haraka ni moja: "Ina virusi hiyo, ipige Windows." Mafaili ambayo hayakuhifadhiwa kwengine yanapotea, na wiki ya pili mashine inaganda vilevile. Kumbe Windows haikuwa na kosa.

Kabla ya kuizima, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mfumo bado uko hai na huenda ni programu moja tu iliyokwama. Isipobadilika kabisa, shaka inahamia chini zaidi: joto, RAM, diski, prosesa, draiva, au famuwea, yaani ile programu ndogo inayokaa ndani ya kifaa chenyewe.

Famuwea ndiyo inayosahaulika. Diski za SSD aina ya Crucial m4 ziliwahi kugandisha kompyuta zikishafanya kazi kwa takriban saa 5,184. Ukiwasha upya inarudi, kisha baada ya saa moja inaganda tena. Hata ungepiga Windows mara kumi usingepona, maana hitilafu ilikuwa ndani ya diski. Dawa ilikuwa famuwea mpya iliyotoka Januari 2012.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel. Prosesa zake za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiomba volteji kubwa kupita kiasi na kuchakaa mapema. Marekebisho yalikuja kupitia BIOS, lakini prosesa iliyokwisha kuharibika haikutengenezeka, ilibidi ibadilishwe. Intel iliongeza dhamana kwa miaka 2.

Mji Mkongwe una maadui wengine: joto, vumbi, na hewa ya bahari yenye chumvi inayokula polepole sehemu za chuma. Laptop iliyotumika miaka kadhaa nje kabla ya kufika dukani mara nyingi ina feni iliyojaa vumbi na pesti ya prosesa iliyokauka. Ikiwa inaganda zaidi mchana wa jua kali au ukiiweka kitandani, anza na feni. Ikiwa inaganda ovyo hata ikiwa baridi, pima RAM: andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, au iache MemTest86+ ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kuishuku RAM. Wakati mwengine kuichomoa na kuichomeka vizuri kunatosha.

Diski inapimwa kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Ikisema "Caution" au "Bad", acha vipimo vyote, nakili mafaili kwanza.

Njia nyengine ni kuwasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi. Ikiganda na huko, Windows haina hatia. Isipoganda, usishangilie mapema, kwani huenda diski ndiyo mbovu na Linux ya flashi haikuigusa.

Sasa, kubadilisha BIOS. Hapa ndipo watu wanapoua mashine. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, chipu inabaki imeandikwa nusu na kompyuta inaweza isiwake tena. Unguja inapata umeme kutoka Bara kwa nyaya zinazopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na walioishi giza la miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa zaidi. Laptop iwe na betri nzima iliyojaa na chaja imechomekwa. Kompyuta ya mezani isiguswe bila UPS. Faili la BIOS litoke kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine, kwa modeli ileile hasa. Zinazofanana jina hazitoshi.

Na ukiipeleka kwa fundi, usimwambie "inaganda" tu. Mwambie inaganda ikiwa moto au baridi, ikiwa kwenye chaja au betri, na taa ya Caps Lock ilifanya nini.