Nililipa laki nane kununua milimita moja

Leo tuongee lenzi. Najua wengi mnapiga picha za bidhaa kwa simu na mambo yanaenda. Hii ni ya wale ambao tayari mna kamera na mmeanza kuulizia "ile lenzi inayoonyesha chumba chote". Msije mkapigwa kama nilivyopigwa mimi, ingawa kiukweli hakuna aliyenipiga, nilijipiga mwenyewe.

Duka langu lipo Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, njia ya kwenda Ruaha. Nauza vikapu vya milulu. Wageni wanaokuja kuona makumbusho ya Mtwa Mkwawa, pale lilipo fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, wengine hupita na kwangu. Lakini wateja wengi ni wa mtandaoni, wa Dar, Dodoma, Arusha, na swali lao la kwanza ni moja tu: "Duka lipo kweli?" Siwalaumu, watu wametapeliwa sana. Picha ya kikapu kimoja kwenye ukuta mweupe hata tapeli anayo, tena pengine ameiiba kwangu. Picha ya duka zima, rafu zote, mlango, na mimi nimekaa ndani, hiyo kuiiba ni kazi. Ndo maana nikatafuta lenzi pana.

Kamera yangu ni Canon 700D niliyonunua ikiwa imeshatumika, pamoja na lenzi yake ya kawaida, 18-55. Duka lina upana wa mita 4. Nikisimama mlangoni, rafu za nyuma zipo mita 3 mbele yangu, na picha inakata kuta za pande zote mbili. Nikamwambia muuzaji nataka lenzi pana ya Canon. Akanitolea 17-40, ile yenye pete nyekundu. Jamani, pete nyekundu! Nzito, imara, ukiishika unajiona umeshatoka kimaisha. Nikalipa laki nane, hela niliyokuwa nimetenga kuwalipa akina mama wanaonisukia. Nikarudi Kalenga, nikaifunga kwenye kamera, nikasimama mlangoni palepale. Picha ileile.

Nilidhani kamera imeharibika. Kumbe tatizo ni sensa. Siyo ile ya kuhesabu watu, ni kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha. Kamera kubwa za fulu fremu zina sensa yenye upana wa milimita 36. Hizi zetu, wanazoziita kropu, Canon ni milimita 22.3, Nikon na Sony ni kama 23.5. Lenzi inaleta picha pana, lakini sensa ndogo inachukua katikati tu, kingo zote zinamwagika nje. Ndo sababu utasikia watu wanazidisha kwa 1.6 kwenye Canon, au 1.5 kwenye Nikon na Sony. 17 yangu ilikuwa inaona kama 27 ya fulu fremu. Na ile 18 iliyokuja na kamera inaona kama 29. Hapo ndo nilikaa chini.

Kuna hesabu ambayo ningeijua mapema hata nauli nisingepoteza. Chukua upana wa sensa yako, gawanya kwa namba ya lenzi, zidisha kwa umbali uliosimama. Kwangu: 22.3 gawanya kwa 18, zidisha kwa 3, unapata mita 3.7. Kwa 17 unapata mita 3.9. Kwa 10 unapata mita 6.7. Duka ni mita 4. Yaani laki nane zilininunulia sentimita 20 na kitu, na bado ukuta haujaingia! Kabla hujatuma hela kwa mtu, pima chumba chako kwa futi kamba, fanya hesabu hii kwenye kikokotoo cha simu, ndo uulize bei.

Kwa kamera hizi zetu, upana wa kweli unaanzia 10, 11 au 12. Wenye Canon, mimi nimeishia kwenye 10-18 ya EF-S, iliyotoka mwaka 2014. Nyepesi, gramu 240, ina kitulizo cha mtikisiko. Sehemu inayoshika kamera ni plastiki na wapo wanaoicheka, waache wacheke. Nilipata iliyotumika kwa laki nne na nusu. Ipo na kaka yake wa zamani, 10-22 ya mwaka 2004, inaingiza mwanga zaidi kidogo lakini haina kitulizo. Ukinunua ya Canon, angalia alama kwenye mdomo wa kamera: EF-S inaingia penye mraba mweupe. Ukiona kitone chekundu peke yake, hiyo mara nyingi ni fulu fremu, achana na EF-S.

Wenye Nikon mna 10-20 ya AF-P, nzuri, ila kwenye kamera za zamani kama D90 na D3100 haifokasi kabisa, hata kwa mkono. Tokina 11-16 inasifiwa kwa f/2.8 yake, lakini toleo la kwanza la Nikon halina mota, kwa hiyo kwenye D3100 utafokasi kwa mkono. Na hiyo f/2.8, kwa maoni yangu, ni ya wapiga picha za usiku na kumbi za harusi. Sisi wa vyumba tunaweka kamera kwenye stendi na kuibana mpaka f/8. Usilipie kitu ambacho utakifunga.

Simu yako ikiwa na ile 0.5, anza nayo kwanza. iPhone 11 kwa mfano inaona pana kuliko hata 10 yangu. Mchana, milango wazi, inatosha kabisa kwa picha ya duka. Inaanza kuchafuka chumba kikiwa na giza.

Sasa upande mwingine ambao wauza lenzi hawakwambii. Picha za duka zilipopendeza, mwenye gesti moja akaniita nimpigie vyumba. Nikabana kwenye kona, 10, kamera karibu na kitanda. Chumba cha mita 3 kwa 3 kikaonekana ukumbi. Mwenyewe akafurahi, akanilipa. Wiki iliyofuata akanipigia: mgeni aliyelipia mtandaoni amefika, ameingia, ametoka, anaomba apelekwe "kwenye kile chumba cha kwenye picha". Walimrudishia hela. Mimi nilirudisha nusu ya malipo yangu na kupiga upya bure.

Siku hizi vyumba napigia 13 au 14. Nasimama mlangoni pale mgeni atakaposimama, kamera usawa wa kifua na haijainama, maana ukiinamisha kidogo tu kuta zinalala kama nyumba inataka kuanguka. Watu siwaweki pembeni, nyuso zinavutika. Na kwenye maelezo naandika vipimo: mita 3 kwa 3, kitanda futi 5 kwa 6.

Bidhaa yenyewe usiipige kwa lenzi hii. Nilijaribu kikapu kimoja kwa karibu, mdomo ukatoka kama beseni na kitako kama kikombe. Vikapu napigia 50 ya f/1.8, nasogea nyuma, naweka na futi kamba pembeni.

Ile yenye pete nyekundu ilikaa kabatini miezi mitano. Mwisho niliiuza laki sita na nusu kwa mpiga picha wa harusi wa Iringa mjini mwenye fulu fremu. Alikuja kuijaribu hapahapa dukani, akasimama mlangoni, akabonyeza, akanionyesha: kuta zote mbili zimeingia, na nafasi imebaki.

Mwenye swali aandike jina la kamera yake na vipimo vya chumba chake, tupige hesabu pamoja.