Ushauri Nasaha Si Mdomo Tu

Wazazi wengi wa Kitui na Makueni hushangaa mwana aliyekwisha hitimu anapoomba karo tena, eti akasomee kuwashauri watu. Kwani hiyo si kazi ya wazee na wachungaji?

Shahada ya uzamili katika saikolojia ya ushauri kwa kawaida huchukua miaka miwili. Mwanafunzi husoma nadharia za ushauri, makuzi ya binadamu, maadili ya kazi na utafiti. Kisha huketi na wenye shida halisi akisimamiwa na mshauri mzoefu, na huandika tasnifu. Katika mazoezi hayo ndipo hujifunza kunyamaza, kutunza siri na kumtambua anayehitaji daktari.

Wazee hawadharauliwi. Huko Makueni, shirika la Profesa David Ndetei liliwafunza wauguzi, na hata waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, kutambua huzuni iliyozidi kiasi. Lakini sheria ya mwaka 2014 yataka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe na bodi yao.

Kwa hivyo mzazi, kabla ya kuuza ng'ombe, uliza: je, kozi hiyo inatambuliwa? Mazoezi yatafanyiwa wapi? Cheti bila mazoezi hakitamfaa mwanao, wala atakayekuja kwake akilia.