Ndani ya Goti

Mama akichinja kuku, omba mguu wake kabla haujapikwa. Ukate penye kiungo, kisha tazama ncha ya mfupa. Imefunikwa na kitu cheupe, laini, chenye kung'aa. Pitisha kidole juu yake: kinateleza kama juu ya sabuni iliyolowa. Kitu hicho kinaitwa gegedu.

Goti la mtu lina gegedu vilevile. Limefunika ncha ya mfupa wa paja na ncha ya mfupa wa muundi, hata mifupa hiyo isisagane. Mahali pengi unene wake ni milimita 2 mpaka 4 tu. Juu ya kitu chembamba hivyo mtu anabeba mzigo wa mihogo toka shambani, anapanda kilima, anaruka mtaro, siku zote za maisha yake.

Je, gegedu linakula nini? Hapa pana ajabu. Nyama ina damu, ngozi ina damu, hata mfupa una damu ndani yake. Gegedu halina mshipa wa damu hata mmoja. Unapokanyaga, linabanwa na maji yake yanatoka. Unapoinua mguu, linanyonya ute wa goti pamoja na chakula kilichomo. Basi kutembea ni kulilisha.

Lakini kukosa damu kuna hasara. Mfupa uliovunjika, ukifungwa vizuri, unashikana tena, kwa sababu damu inauletea vitu vya kuujenga. Gegedu likitoboka, halijizibi. Mganga William Hunter aliandika jambo hilo huko London mwaka 1743.

Mwaka 1987, katika mji wa Göteborg, nchi ya Uswidi, waganga walijaribu njia mpya. Walikata kipande kidogo cha gegedu zima katika goti la mgonjwa mwenyewe, wakatenga chembe hai zake, wakazilisha katika chombo kwa majuma 2 au 3 mpaka zikawa nyingi sana. Kisha wakazitia katika tundu la goti, kama mkulima anayehamisha miche toka kitaluni. Mwaka 1994 walitoa habari za wagonjwa 23. Kati ya 16 waliokuwa na tundu kwenye mfupa wa paja, 14 walipata nafuu kubwa. Kati ya 7 waliougua nyuma ya pia ya goti, 2 tu. Na goti la mzee lililolika lote halitibiwi hivyo. Miche haishiki mahali ambapo mvua imechukua udongo wote.

Gegedu lina mlinzi, naye ni kano. Katikati ya goti mna kano mbili zilizopishana kama msalaba. Ile ya mbele inazuia muundi usiteleze mbele. Mchezaji wa mpira akigeuka ghafula, naye amekaza mguu chini, kano hiyo huweza kukatika, na goti huvimba upesi. Waganga huchukua kano nyingine ya mgonjwa, labda ya nyuma ya paja, hutoboa mifupa miwili, huipitisha humo na kuifunga. Mwili huigeuza polepole iwe kama ile ya kwanza. Maumivu huisha mapema, lakini mchezaji hungoja miezi 9 au zaidi kabla ya kurudi uwanjani. Anayerudi na goti lenye kuyumba huenda asisikie neno siku ile. Lakini kila linapoyumba, mifupa inakwaruza gegedu, lile lisilojiponya.